Mpiga Mbiu Hulishwa na Nani?

Hapo kale, katika miji yetu ya pwani, mkubwa aliyetaka watu wote wapate habari alimtuma mpiga mbiu. Huyu alichukua pembe ya nyati na kijiti, akapita njia hii na ile huku akiigonga ile pembe, na watu waliposikia mlio huo walitoka barazani, wengine wakachungulia madirishani, watoto wakamfuata nyuma. Alipofika penye watu wengi alisimama akasema lililomleta: kesho jumbe anaita watu, au kuna kazi ya kufyeka njia, au maradhi yameingia mji wa jirani na wageni wasipokelewe. Ndipo wahenga walipotuachia ule usemi kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

Twapenda kumkumbuka mpiga mbiu kwa kuwa ni sehemu ya utamaduni wetu, lakini yafaa tumkumbuke kwa ukamilifu. Mpiga mbiu alikuwa na bwana. Aliyemtuma ndiye aliyemlipa, na aliyemlipa ndiye aliyechagua maneno. Hatujapata kusikia kwa mzee yeyote kwamba mpiga mbiu alipita mji mzima akitangaza kuwa jumbe amemdhulumu mjane shamba lake. Hatumlaumu kwa hilo. Kinywa chake kililishwa na mtu mmoja, nacho kilisema ya mtu huyo. Swali la nani anayelisha kinywa cha habari limetukaa moyoni tangu siku tulipochaguliwa kuongoza bodi ya redio ya jamii katika wilaya yetu, nalo ndilo tunalotaka kulieleza hapa kwa walimu na wanafunzi, maana wao ndio watakaorithi kazi hii.

Kazi yenyewe si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1888 wamisionari wa Kiungani, Unguja, walianza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Baadaye likaja Habari za Mwezi kutoka Magila, na mwanzoni mwa karne ya 20 likaja Kiongozi, lililopigwa chapa katika shule ya serikali ya Kijerumani mjini Tanga. Waingereza nao, kwa mkono wa Idara ya Elimu, wakaanzisha Mambo Leo mwaka 1923. Magazeti hayo yote yalikuwa na wenyewe, na wenyewe hao hawakuwa wananchi. Hata hivyo, mwalimu atakayebahatika kuyafunua ataona jambo la ajabu. Kurasa zenye uhai zaidi ni zile zilizoletwa na waandishi wa miji midogo, watu wa kawaida, walimu na makarani, walioandika kwamba mvua imechelewa, nzige wamepita, chui amechukua mbuzi, fulani amefariki dunia na watu wengi wamemzika. Pembeni mwa habari hizo yalichapishwa mashairi, na miongoni mwa washairi wa Mambo Leo alikuwamo Shaaban Robert. Karatasi na wino vililipiwa na mtawala, lakini habari zilitoka kwa watu.

Baada ya Uhuru jambo hilo lilichukua sura nyingine. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu waliojifunza kusoma walihitaji kitu cha kusoma, wasije wakasahau. Hivyo magazeti ya vijijini yakaanzishwa, kama Elimu Haina Mwisho kule Kanda ya Ziwa. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilirusha vipindi vya Mtu ni Afya, na watu wanaokaribia milioni 2 walikaa katika vikundi, kijitabu mkononi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Sisi wakati huo tulikuwa tungali tukibebwa mgongoni, lakini choo walichochimba wazazi wetu mwaka ule tulikitumia mpaka tulipokwenda sekondari.

Lakini redio ile ilisema kutoka Dar es Salaam, na kijiji kiliijibu kwa kadi ya salamu tu. Tunazikumbuka kadi hizo, na betri zilizoanikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Tulijua habari za mkutano uliofanyika katika miji ya mbali kabla hatujajua kwa nini zahanati ya kijiji cha pili imefungwa. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo visivyo vya Serikali, wengi waliopita walikuwa wafanyabiashara wa mijini. Redio za jamii zilifuata polepole, zikaanzishwa Sengerema, Karagwe, Simanjiro, Pangani, Micheweni kule Pemba, na kwingineko. Ya kwetu ni miongoni mwa hizo ndogo, na jina lake tunaliacha, kwa sababu yatakayosimuliwa yanawagusa watu walio hai.

Redio yetu imo katika chumba cha nyuma cha ghala la zamani la ushirika. Mbele bado pananuka nazi kavu. Kuna mlingoti, kuna mtambo, kuna jenereta ambayo fundi wetu peke yake ndiye anayejua hasira zake, na kuna watumishi watano, pamoja na waandishi wa vijijini ambao hawapati mshahara bali nauli na posho kidogo. Si mali ya mtu. Wanachama hutoa ada kila mwaka, huchagua bodi, na hesabu husomwa mbele yao katika mkutano mkuu. Ziada ikipatikana haigawiwi; hununua kipaza sauti au hulipa deni.

Hapa hapana budi tuondoe dhana moja iliyoenea. Wengi husikia kwamba chombo hakitafuti faida, wakadhani hakihitaji fedha. Umeme hauulizi kama unatafuta faida. Leseni hulipiwa, mafuta hulipiwa, na mwandishi aliyepanda pikipiki kwenda kijiji cha mwisho hulipiwa kwenda na kurudi. Mapato yetu ni ada, matangazo ya vifo na mialiko ya harusi, matangazo ya wafanyabiashara, na mara moja moja ufadhili kutoka mashirika. Ufadhili huo tunaushukuru, ingawa aghalabu huja na mada yake mfukoni, na mada hiyo ikiisha muda wake fedha nazo huisha, hata kama maradhi yaliyokuwa yakizungumzwa bado yapo. Mchanganyiko huo wa mapato ndio ulinzi wetu. Kila tulipotegemea fungu moja kuliko mengine, tulisikia mkono ukitusogelea shingoni.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wenyewe ambalo msomaji ana haki ya kuliuliza. Sisi tumeajiriwa na Serikali katika idara ya utamaduni. Je, mtumishi wa Serikali aongozeje chombo kinachowauliza watumishi wa Serikali maswali? Tulilizungumza wazi siku ya uchaguzi, kisha tukaandika kanuni mbili. Ya kwanza, mwenyekiti hasomi habari kabla haijatangazwa. Habari ni ya mhariri. Ya pili, habari ikigusa ofisi tunayofanyia kazi, sisi tunatoka kikaoni. Kazi ya mwenyekiti ni kukaa mlangoni. Mwenye hasira akija, akutane na sisi kwanza, anywe maji, aseme lake. Huku nyuma mhariri anaendelea na kazi. Katika ajira yetu tumepata kuitwa na mkubwa mmoja na kuulizwa kwa nini vijana wetu wanahangaika na kero za barabara ilhali kuna mambo mengi mazuri ya kutangaza. Tulimkaribisha aje studioni kuyasema hayo mazuri. Alikuja, akayasema vizuri sana, na wasikilizaji wakapiga simu kumwuliza kuhusu barabara.

Mhariri wetu ni binti wa mvuvi, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu. Kila asubuhi, saa mbili kasoro, huandika ubaoni habari zilizoletwa, na mbele ya kila habari huuliza maswali yale yale: Nani ameona? Nani amesema? Aliyesemwa amejibu? Habari isiyo na jibu la swali la tatu hubaki ubaoni. Tumewahi kuona habari moja ikikaa pale siku tisa, na chaki yake ikaanza kufifia.

Sisi twapeleka mchango mmoja tu katika chumba hicho, nao unatokana na ushairi. Aliyezoea kutunga kwa mizani kumi na sita anajua kwamba kila neno hulipa kodi ya mahali lilipokaa. Kwa hiyo tuliwafundisha vijana kufyeka maneno. Ukisema “kuhusiana na suala zima la upatikanaji wa huduma ya maji” umekwisha kumchosha mama aliyebeba ndoo, sema “maji”. Lugha hiyo ya makaratasi tunaijua sana, maana tunaiandika kazini siku tano kwa juma, na hatuoni sababu ya kuipeleka hewani.

Faida ya lugha nyepesi tuliiona mwezi Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilipotoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya. Tahadhari ilikuwa nzuri, lakini ilisema kwa kilomita kwa saa na kwa mita za mawimbi, na vimbunga si wageni wa kila mwaka katika pwani yetu. Watu wa kwetu husimulia tu tufani ya 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, kama hadithi ya zama za mababu. Vijana madikoni walisema kusi wanaijua, na mwezi huo upepo unageuka kila mwaka. Mhariri akamleta studioni nahodha mzee, akamsomea ile tahadhari sentensi kwa sentensi, naye akaisema kwa maneno ya bahari: upepo huu hautazami majira, hauvuti upande mmoja, na chombo kisiachwe na nanga pale kinapolala siku zote, bali kivutwe juu kupita alama ya maji ya bamvua. Kipindi hicho kilirudiwa kila saa. Siku ya pili tulipopita dikoni tukakuta ngalawa zimepandishwa hadi kwenye minazi, na mashua kubwa mbili zimefungwa kwa kamba nene.

Lakini shida hasa ya kuongoza chumba cha habari haiji wakati wa tufani, maana katika tufani wote ni kitu kimoja. Huja wakati ukweli unapomgusa anayekulisha.

Katika kijiji kimoja cha wilaya yetu watu walichangishana, kila kaya shilingi elfu tano, wanunue pampu ya kisima baada ya ile ya zamani kuharibika. Mhazini wa kamati ya maji alikuwa mama mmoja, mwuza maandazi, ambaye alichaguliwa kwa sababu hata chenji ya shilingi hamsini huirudisha. Pampu ikanunuliwa, ikafungwa, maji yakatoka siku sita, kisha mota ikaungua. Kabla jua halijatua siku ile, habari ilikuwa imekwisha enea: mhazini amekula fedha, akanunua chakavu. Habari hiyo ilifika ubaoni kwetu kwa njia tatu tofauti, na kila aliyeileta aliapa.

Mhariri akamtuma mwandishi wa kijiji kile, kijana mpole anayeuliza polepole. Alikaa na yule mama jioni nzima. Mama akamtolea mfuko wa nailoni wenye stakabadhi zote, za kila kaya, na stakabadhi ya duka iliyoandikwa “pampu mpya”. Kisha fundi akaifungua ile mota mbele ya watu, akaonyesha kwamba nyaya zake zilikuwa zimekwisha sukwa upya na mwili wake kupakwa rangi. Fedha zote zilifika dukani. Kilichorudi kutoka dukani hakikuwa kitu kipya.

Mwenye duka hilo ndiye aliyekuwa mtangazaji wetu mkubwa wa biashara. Alilipa kwa wakati, na kwa miezi mingi malipo yake yalitosha kulipia umeme na mshahara wa watu wawili.

Jioni ile mhariri alikuja nyumbani kwetu. “Shikamoo, mzee. Nimekuja kukuarifu, sikuja kuomba ruhusa.”

“Marahaba, mwanangu. Aliyesemwa amejibu?”

“Nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza alisema ana wageni. Mara ya pili alisema atazidisha matangazo mara mbili kwa mwaka mzima, tukizungumza kama watu wazima. Nimemwambia nitarudi kesho na kipaza sauti, na atakalolisema nitalitangaza lote.”

“Hesabu ya mshahara wa mwezi ujao umeiona?”

“Nimeiona, mzee. Na wangu umo.”

Hatukuwa na la kuongeza. Usiku ule hatukulala vizuri, na hatuoni haya kulisema hilo. Mwanafunzi asidhani kwamba mambo haya huamuliwa na watu wasio na hofu. Tuliwaza vijana watano, tukawaza na watoto wao. Tuliwaza pia yule mama, ambaye siku mbili zile maandazi yake yalikuwa yakirudi nyumbani na karai lake.

Habari ilitangazwa siku ya tatu. Mwenye duka alikubali kusema, na maneno yake hayakupunguzwa: kwamba yeye naye aliinunua ile pampu Dar es Salaam akiamini ni mpya, kwamba hakuifungua, na kwamba biashara ina mitihani yake. Huenda alisema kweli. Fundi naye akasema aliyoyaona. Redio haikusema nani mwizi, ilisema fedha zilipitaje na mota ilikuwaje.

Yule mama alikuja ghalani kesho yake. Tulidhani amekuja kushukuru. “Mwenyekiti,” alisema, “mimi sitaki kusifiwa. Jina langu limetembezwa wilaya nzima. Nataka zisomwe stakabadhi zote, moja moja, watu wasikie wenyewe.”

Mtangazaji mmoja akasema kipindi kama hicho kitawachosha wasikilizaji. Mhariri akakitengea saa ya jioni, baada ya taarifa ya habari, wakati ambao hapo awali ulikuwa wa mwenye duka. Kikaanza: jina, kitongoji, shilingi elfu tano, jina, kitongoji, shilingi elfu mbili na mia tano, nyingine alilipa tarehe fulani. Sisi tulikuwa kijijini kwa kazi ya ofisi, tukasikiliza penye kibanda cha kuuzia vocha. Watu walisimama kimya kama wanaosikiliza matokeo ya mtihani. Kila jina liliposomwa, mwenyewe aliinua kichwa. Mzee mmoja aliposikia jina lake alirudia tarakimu kwa sauti, kana kwamba anaitikia. Walikuwapo pia wawili watatu waliokuwa wakilalamika kuliko wote juu ya fedha zao, na majina yao hayakusomwa kabisa, kwa kuwa hawakutoa. Hao waliondoka kabla ya mwisho. Mama mmoja jina lake lilirukwa, akaja kesho yake na stakabadhi mkononi, nalo likasomwa peke yake, pamoja na maneno ya kuomba radhi. Katika miaka yote ya redio yetu hatujui kipindi kilichosikilizwa zaidi ya kile, na hakikuwa na ngoma wala kichekesho. Kilikuwa ni watu kusikia majina yao, yametajwa sawasawa, mbele ya wenzao.

Mwenye duka aliondoa matangazo yake juma lile lile. Miezi minne mishahara ilichelewa. Mtangazaji wetu hodari kuliko wote, yule mwenye sauti, alipata kazi katika kituo cha Dar es Salaam akaenda, nasi tulimwandikia barua nzuri ya kumsifu, kwa maana ana mke na watoto. Jenereta ilinyamaza siku nyingi, na umeme ulipokatika tulikatika nao. Wanachama walilipa ada zao mapema kuliko kawaida, si wote. Kijiji cha pampu kilileta nazi, magunia mawili, ambazo tuliziuza. Tunayataja haya kwa sababu vitabu hupenda kusema kwamba mwenye kusema kweli hulipwa mara moja. Sisi nazi hazikufika nusu ya mshahara mmoja.

Pampu ilipatikana hatimaye. Mwenye duka, bila kusema neno, alituma fundi wake akaifunga nyingine usiku, na asubuhi watu wakakuta maji yanatoka.

Mwaka uliofuata alimtuma kijana wake ghalani kuuliza bei ya tangazo. Bodi ilikaa muda mrefu kuliko siku zote. Mjumbe mmoja alitaka akataliwe, ili liwe fundisho. Mwingine akataka arudishiwe saa yake ya jioni, maana deni la umeme lilikuwa mezani. Mhariri, ambaye hana kura katika bodi, aliomba kusema: naye ni mkazi wa wilaya, na redio ni ya wakazi. Tukapiga kura. Tangazo lake likakubaliwa kwa bei ile ile anayotozwa kila mtu, kwa malipo ya kila mwezi, wala lisipate kuvuka robo ya mapato yetu ya matangazo. Saa ya jioni imebaki ya kusoma hesabu za vijiji, kwa kuwa sasa kamati nyingine nazo zimeomba. Tangazo la duka husomwa saa saba mchana, baada ya matangazo ya vifo, likifuatwa na matangazo ya mbuzi waliopotea.